Kinena Kikivutika Ujerumani: Pa Kutoa Pesa na Pa Kuzuia Mkono

Siku ile sikuanguka. Farasi jike ninayempanda mara mbili kwa wiki hapa Warendorf aliona turubai likipepea pembeni ya uwanja, akaruka upande kama aliyekanyaga kaa la moto, nami nikabana mapaja kwa nguvu zote nisichomoke kwenye tandiko. Nilibaki juu. Lakini ndani ya paja la kushoto, karibu na kinena, nilisikia kitu kikivutika kama khanga inayochanwa pindo. Nilishuka, nikamtembeza mpaka akatulia, nikamrudisha bandani kwake, nikaenda nyumbani nikichechemea. Kesho yake, kila nilipomgeuza mzee kitandani katika makao ya wazee ninakofanya kazi, nilifumba macho kwa maumivu.

Katika wiki sita zilizofuata nilitoa euro 520 mfukoni mwangu: vikao sita vya masaji kwa euro 55 kimoja, na mara mbili kwa mtaalamu wa osteopathia kwa euro 95. Kila nilipoinuka kwenye kitanda cha tiba nilijisikia mwepesi. Kila niliporudi kwenye tandiko, hata dakika kumi hazikutimia kabla ya kinena kuanza kuwaka. Tiba iliyoniponya ilikuja baadaye, na makato yangu yote kwa tiba hiyo yalikuwa kama euro 107. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo iliyonikalisha kuandika, kwa sababu nawajua Waswahili wengine hapa Ujerumani, wapanda farasi na wahudumu wa mabanda, wanaopita njia ileile niliyopita mimi.

Najua kwa nini niliipita. Sisi wa Pwani tumelelewa kwa mikono. Mtoto akiteguka mguu, bibi anapasha mafuta ya nazi, anakaa mkekani, anamchua mpaka usingizi umpitie. Nilipoumia ugenini, mwili wangu ulitafuta mikono, nikawa tayari kuinunua kwa bei yoyote. Aliyenizindua ni binamu yangu aliyesomea fiziotherapia KCMC, Moshi. Nilimpigia simu kumlalamikia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: “Dada, wote hao wamekukanda. Nani amekufanyisha mazoezi?”

Jibu lilikuwa hakuna.

Mpanda dresaji huumia kwa njia zake. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni wa kumfundisha farasi hatua za utulivu na mpangilio katika uwanja wa mita 20 kwa 60, na mpandaji anatakiwa aonekane kana kwamba hafanyi kitu. Kumbe anafanya kazi kubwa. Katika mwendo wa telki, akiwa amekaa bila kuinuka, kila hatua ya farasi inapanda kwenye nyonga na kiuno chake, na misuli ya tumbo, mgongo na mapaja ya ndani inapokea. Ndiyo maana wengi wetu tunalalamikia kiuno, nyonga na kinena. Wanaoanguka huvunjika mtulinga au kifundo cha mkono. Wengine huumia wakiwa chini kabisa, wanapigwa teke au kukanyagwa wakati wa kumpiga farasi brashi. Warendorf ndiyo makao makuu ya shirikisho la upandaji farasi la Ujerumani, na kituo cha serikali cha kuzalisha farasi kilianzishwa hapa mwaka 1826, kwa hiyo madaktari wa mji huu hawashangai ukiwaambia umeumizwa na farasi. Hilo linasaidia. Lakini njia ya malipo ni moja tu nchi nzima, na inafaa uijue kabla hujaumia.

Anza na kile ulichokwisha kukilipia. Kila mwezi mshahara wako unakatwa pesa za mfuko wa bima ya afya, Krankenkasse. Daktari wako wa kawaida, au wa mifupa, anaweza kukuandikia cheti cha tiba ya viungo, Heilmittelverordnung. Kwa majeraha ya mgongo au ya mikono na miguu, cheti kimoja huwa na vikao visivyozidi sita, na kipimo cha kawaida kwa tatizo moja ni vikao 18. Wewe unachangia asilimia 10 ya gharama, pamoja na euro 10 kwa kila cheti. Walio chini ya miaka 18 hawachangii kitu.

Sasa tazama kinachoandikwa ndani ya cheti, maana hapo ndipo pesa zinapojificha. Wengi tunaandikiwa Krankengymnastik, yaani mazoezi ya tiba na mtaalamu mmoja kwa mgonjwa mmoja. Kikao kimepangiwa dakika 15 hadi 25, na bei yake kwa mfuko haifiki euro 30. Vikao sita vinakugharimu kama euro 27, na ukijumlisha muda wote unapata takriban saa mbili. Lakini ipo tiba nyingine, Krankengymnastik am Gerät, mazoezi ya tiba kwenye mashine na vyuma. Kikao chake ni saa nzima, ingawa mtaalamu anaruhusiwa kusimamia hadi wagonjwa watatu kwa pamoja. Bei yake kwa mfuko ni kama euro 50, kwa hiyo vikao sita vinakugharimu takriban euro 40. Kwa euro 13 za ziada, saa mbili zimekuwa sita. Kwa misuli iliyovutika, inayohitaji kuzoeshwa mzigo kidogokidogo, sijaona ununuzi bora kuliko huo katika nchi hii. Kati ya wapanda farasi niliozungumza nao, ni wachache mno waliowahi kumwomba daktari tiba hiyo kwa jina.

Muombe. Mimi cheti cha kwanza kilikuwa cha mtaalamu mmoja kwa mmoja, anipime na anifundishe kila zoezi kwa usahihi. Cha pili na cha tatu vikawa vya mashine. Euro 27, na 40, na 40.

Madaktari wengine husita kuandika, kwa sababu kiasi wanachoandika kinakaguliwa. Usikasirike, na usiseme tu “paja linauma”. Eleza kazi unayofanya, umbali unaoweza kutembea, kinachotokea ukipanda ngazi, tangu lini. Daktari anaandika kulingana na anachokisikia. Jambo jingine: cheti kina umri. Tiba ianze ndani ya siku 28 tangu kilipoandikwa, na ndani ya siku 14 ikiwa daktari ameweka alama ya dharura. Vituo vingi vimejaa, kwa hiyo piga simu kwanza, tafuta nafasi, ndipo uende kuchukua cheti. Ukikichukua kwanza, siku zinaanza kuhesabika huku wewe ukiwa bado unatafuta mlango.

Na tunza kila risiti. Makato ya afya ya mwaka yana kikomo: asilimia 2 ya pato ghafi la kaya, na asilimia 1 kwa mwenye ugonjwa sugu. Anayeishi peke yake na kupata euro 36,000 kwa mwaka hufikia kikomo kwenye euro 720. Zikizidi, mfuko unarudisha, ila lazima uombe.

Narudi kwenye swali la binamu yangu, kwa sababu halikuwa maneno ya kunifariji. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa daktari wa Denmark, Per Hölmich, na wenzake. Walichukua wanamichezo 68, wanaume, wenye maumivu ya muda mrefu ya kinena yanayotokana na misuli ya ndani ya paja, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipata tiba ya kulala: kukandwa, kunyooshwa, miale ya leza, umeme mdogo. Kundi jingine lilifanya mazoezi ya nguvu na uwiano wa mwili kwa wiki 8 hadi 12. Mwishoni, waliorudi mchezoni katika kiwango chao cha zamani bila maumivu walikuwa 23 katika kundi la mazoezi. Katika kundi la kulala walikuwa 4.

Nilisoma namba hizo mara tatu. Hawakuwa wapanda farasi, na sisi wanawake hatukuwemo. Lakini misuli ni ileile, na kitanda nilichokilipia euro 520 kilikuwa kilekile cha wale wanne. Mazoezi yenyewe hayana fahari yoyote. Unalala chali, unaweka mpira katikati ya miguu, unabana kwa sekunde 30, unaachia, unarudia. Baadaye unasimama kwa mguu mmoja, unasogeza mwingine kwenye ubao unaoteleza. Mpira wangu niliununua kwa euro 12.

Sisemi kulipa mfukoni ni makosa siku zote. Kuna mahali ningelipa tena, na haraka. Ikiwa nafasi ya cheti iko mbali na wewe unazidi kuharibika, kikao kimoja kirefu cha kupimwa, cha saa nzima, kwa euro 80 hadi 100, kinakupa mpango wa kufanya nyumbani unaposubiri. Kisheria mtaalamu wa fiziotherapia anahitaji cheti cha daktari ili akutibu, isipokuwa awe na kibali cha ziada cha Heilpraktiker, yaani mtabibu asiye daktari, katika fani yake. Mwenye kibali hicho anakupokea moja kwa moja, lakini unalipa mwenyewe, kwa kawaida euro 30 hadi 50 kwa nusu saa au pungufu. Muulize kwa simu: “Mazoezi ni sehemu gani ya kikao?” Akikujibu kwa kuorodhesha mashine za joto na masaji, mshukuru, ukate simu.

Osteopathia ni ghali zaidi, euro 80 hadi 130 kwa kikao, na si taaluma iliyowekewa sheria yake yenyewe hapa Ujerumani, kwa hiyo uliza amesomea wapi na kwa muda gani. Mifuko mingi hurudisha sehemu ya gharama ukipeleka barua ya daktari, lakini masharti yanatofautiana. Ulizia kabla ya kikao cha kwanza. Mimi niliulizia baada ya cha pili, nikajibiwa kwamba nimechelewa.

Aliyevunjika mtulinga au kuumia bega ana bahati moja. Tangu Novemba 2024, kwa matatizo mengi ya bega daktari anaweza kuandika cheti kilicho wazi, na mtaalamu wa fiziotherapia mwenyewe ndiye anayeamua aina ya tiba na idadi ya vikao, ndani ya wiki 16. Kinena na kiuno bado havimo.

Tiba ya kupanda farasi, Hippotherapie, watu wengi hudhani ni ya kwetu kwa sababu ya jina. Si ya kwetu. Ni kwa wagonjwa wa mishipa ya fahamu, na kamati inayoamua tiba za mifuko ya bima imeiweka nje ya orodha. Iache.

Baada ya vyeti kwisha kuna mlango ambao wageni wengi hatuambiwi: Rehasport. Daktari anajaza fomu, mfuko unaidhinisha, unapata vipindi 50 vya mazoezi ya kikundi katika miezi 18, bila mchango wako hata senti. Kikundi kina watu wa kila umri, na kasi si ya mwanamichezo, lakini kiuno cha mpanda farasi hakijali jirani yake ana miaka mingapi. Kuweni macho na jambo moja. Vituo vingine hukuwekea mbele mkataba wa uanachama wa kila mwezi, kana kwamba bila huo hupati nafasi. Uanachama ni hiari. Ukibanwa, kataa na ulipigie simu shirika lako la bima.

Sasa nifike kwenye pesa ambazo karibu kila mmoja wetu huziacha mezani. Sheria ya madai ya Ujerumani, kifungu cha 833, inasema mwenye mnyama wa kufugwa kwa raha anawajibika kwa madhara anayosababisha mnyama huyo, hata kama mwenyewe hakukosea. Farasi kushtuka na kuruka ni mfano wa wazi wa hatari hiyo. Kwa hiyo wamiliki wengi wa farasi wana bima ya dhima, na bima nzuri inamhusu hata mtu mwingine anayempanda farasi huyo. Katika hati tafuta neno Fremdreiterrisiko. Mimi similiki farasi. Nina Reitbeteiligung, makubaliano ya kuchangia gharama kila mwezi ili nimpande. Nilipojiunga sikuuliza habari za bima. Niliona ni kumkosea adabu mama aliyenikaribisha bandani kwake. Yeye ndiye aliyeniletea fomu nilipoumia, akasema bima analipa miaka yote na hajawahi kuitumia, kwa nini nione haya?

Kwa mwenye makubaliano kama yangu, anayemshika farasi mwenyewe, dhima inaweza kugawanywa kati yake na mwenye farasi, na mahakama zimewahi kufanya hivyo. Mimi nilirudishiwa nusu ya makato ya vyeti. Zile euro 520 hazikuguswa, kwa kuwa hapakuwa na daktari aliyeandika tiba hiyo. Kabla ya kusaini makubaliano yako, soma kama umeandikishwa kuachilia madai. Na mfuko wa bima ukikutumia dodoso la ajali, lijibu kwa ukweli wote. Mfuko wenyewe hudai gharama zake kwa bima ya mwenye farasi, na wewe humsaliti mtu kwa kusema yaliyotokea.

Likizo ya ugonjwa nayo ni hesabu. Mwajiri analipa mshahara kamili kwa wiki sita, hata kama uliumia kwa michezo, kisha mfuko unalipa asilimia 70 ya mshahara ghafi, isiyozidi asilimia 90 ya unachochukua mkononi. Lakini aliye katika wiki nne za kwanza za kazi mpya halipwi na mwajiri. Aende kwenye mfuko mara moja. Wageni wengi huumia katika wiki hizohizo.

Haya yote ni ya anayepanda kwa mapenzi. Saisi, anayelipwa kusafisha mabanda, kulisha na kupasha farasi moto kabla ya mmiliki kufika, yuko chini ya sheria nyingine, tena bora zaidi, nami naona uchungu kila ninapokutana na kijana wa kwetu asiyeijua. Ukiumia kazini, unahudumiwa na bima ya ajali kazini, Berufsgenossenschaft. Unaenda kwa daktari maalumu wa ajali za kazi, anayeitwa Durchgangsarzt, na kila hospitali kubwa inaye. Hapo tiba ya viungo huchangii kitu. Wiki sita zikipita bila kupona, unapata asilimia 80 ya mshahara ghafi, isiyozidi unachochukua mkononi. Na bima hii inamlinda hata asiye na mkataba wa maandishi na anayefanya kazi ndogo ya saa chache, kwa sababu mchango ni wa mwajiri.

Kwa hiyo mwajiri akikuambia mwambie daktari umeteleza bafuni kwako, usikubali. Sentensi hiyo moja inakuondolea matibabu bora, asilimia 10 za mshahara, na pensheni ya ulemavu ikiwa goti halitarudi kama zamani. Sema mahali, saa, jina la farasi, na aliyekuwepo.

Kichwa kikigongwa, hesabu zote zisimame. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kulazwa kunakugharimu euro 10 kwa siku, kwa siku zisizozidi 28 kwa mwaka. Machi 2010 Courtney King-Dye, aliyeiwakilisha Marekani katika dresaji Olimpiki ya 2008, alianguka na farasi aliyejikwaa. Hakuwa amevaa helmeti, na alikaa katika koma takriban mwezi mmoja. Enzi hizo kofia ndefu nyeusi ilikuwa ndiyo heshima ya mchezo. Shirikisho la kimataifa lililazimisha helmeti kuanzia mwaka 2021. Helmeti iliyoanguka na kichwa ndani yake haitumiki tena, hata kama haina ufa. Baadhi ya watengenezaji hukupunguzia bei ya mpya ukiwarudishia iliyoanguka.

Kitu cha mwisho nilichokilipia mwenyewe nimekifurahia kuliko vyote. Binamu yangu alisema misuli haikuvutika kwa sababu ya turubai peke yake: siku zote nilikuwa nabana mapaja kushika nafasi ambayo tumbo na nyonga zingepaswa kuishika. Kwa hiyo, mwezi wa tatu, nilichukua masomo matatu ya kukaa, mwalimu akimshika farasi kwa kamba ndefu kwenye duara, mimi sina hatamu mkononi wala kazi nyingine ila kukaa. Euro 40 kwa somo. Katika picha aliyonionyesha kwenye simu, goti la kushoto lilikuwa limepanda juu kuliko la kulia. Miaka yote sikuwahi kuambiwa.

Siku hizo nilimfikiria sana Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, alipatwa na polio, na miguu yake ilibaki imepooza kuanzia magotini kwenda chini. Alirudi kupanda, na Helsinki mwaka 1952, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika dresaji ya Olimpiki, alichukua medali ya fedha juu ya farasi wake Jubilee. Alisaidiwa kupanda na kushuka. Mtu asiyeweza kubana kwa miguu alimwendesha farasi kwa kiuno, mgongo na uzito wa mwili wake.

Alhamisi iliyopita nilimaliza kikao cha mwisho cha cheti cha tatu. Mtaalamu aliweka ngumi yake katikati ya magoti yangu, akaniambia nibane kwa nguvu zote, akanitazama usoni. Hapakuwa na maumivu. Jumamosi nilitandika farasi, nikaenda naye mwendo wa kutembea tu, dakika 20, nikipita mara nne pale pembeni ya uwanja. Turubai bado lipo. Mara ya nne aliliinamia, akalinusa.